Aya ya Mama Yangu

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kama walimu wengi wa Kiswahili nina ugonjwa wa kurekebisha watu. Narekebisha vibao vya vilabu vya pombe, narekebisha kadi za harusi, na Jumapili moja nilimrekebisha padri katikati ya mahubiri. Nilinong'ona tu, lakini mke wangu anaapa kwamba nilisikika mpaka kwenye kwaya. Kwa hiyo ni haki kabisa kwamba neno lililonitesa kuliko yote lina herufi tatu tu, na mpaka leo sijalimaliza. Neno lenyewe ni aya.

Nililijua kwanza nyumbani, Mbulu, kwenye miteremko ya juu ambako nilizaliwa. Kwa Kiiraqw aya ni nchi, lakini si nchi ile yenye bendera na wimbo. Ni ardhi mnayokaa, pamoja na mto wake, mipaka yake na watu wake. Kisha nikalikuta shuleni. Nilikuwa darasa la tatu, Kiswahili changu kikiwa bado cha kubahatisha, mwalimu akaandika ubaoni: andika aya mbili kuhusu maisha ya nyumbani. Niliona ni kazi nyepesi. Nikaandika habari za aya yetu, ng'ombe wetu na viazi vyetu. Nikaruka mstari, nikaandika habari za aya ya wajomba zangu ng'ambo ya bonde, ambako watu wanapenda ugomvi. Mwalimu alinipa tiki kubwa na kusoma kazi yangu mbele ya darasa, mfano wa mtoto anayejua kugawa mawazo. Ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua kwamba nilipata kwa bahati.

Sasa nakaa Gendabi, wilaya ya Hanang, nafundisha watoto wa wengine kugawa mawazo. Nilijenga hapa, nikaoa, nikapata shamba la mahindi na mbaazi. Majirani zangu wa karibu ni Wabarabaig, wafugaji, watu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Tuliishi kwa salamu. Mimi nilikuwa na shamba langu, wao na mifugo yao, na kati yetu hapakuwa na neno baya wala neno refu.

Mama yangu alibaki kule juu peke yake, mjane, mwenye ng'ombe wawili na kichwa kigumu. Mwaka juzi aliteleza akibeba samadi kupeleka shambani, akavunjika mkono. Alikaa chini pale mteremkoni tangu asubuhi mpaka mchana ndipo mtu akapita. Niliposikia hivyo sikulala vizuri siku nyingi. Nikapanda, nikauza ng'ombe wake wawili kwa idhini yake iliyotolewa kwa kununa, nikamleta Gendabi na begi moja, jembe moja na hogo la plasta mkononi.

"Nakuja mpaka mkono upone," aliniambia njiani. "Ukipona, narudi kwenye aya."

"Hata hapa ni aya, ayo," nikamwambia. Ayo ndiyo mama kwa lugha yetu.

"Hapa ni mahali tu," akasema. "Aya ni watu mnaoomba mvua pamoja. Wewe umeomba mvua na nani hapa?"

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na shida moja tu duniani. Nilimtaka mama abaki. Sikutaka nipigiwe simu tena kwamba ameonekana amekaa mteremkoni peke yake. Na kila nilipotazama lile hogo, niliona siku zinapungua.

Hogo likatolewa mwishoni mwa kiangazi. Wiki hiyohiyo nikaitwa Babati kwenye mafunzo ya walimu ya wiki tatu. Nilimwomba mama anisubiri nirudi ndipo tuzungumze habari ya safari yake. Akakubali, na kwa kukubali kwake upesi hivyo ningepaswa kushtuka.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu watu wa kwetu. Kule juu hakuna ardhi inayokaa bure. Hata kipande cha hatua mbili kati ya shamba na shamba kina mwenyewe, na kimepandwa majani ya ng'ombe. Mtu wa Mbulu akiona ardhi imelala wazi, mkono unamwasha. Sasa kati ya shamba langu na shamba linalofuata kulikuwa na ukanda wa ardhi wazi, wa hatua kama ishirini, unaoteremka moja kwa moja mpaka lambo. Ulikuwa mgumu, hauna mti wala jani. Mimi niliujua. Kila mtu Gendabi aliujua. Ni njia ya ng'ombe wa majirani kwenda kunywa maji. Lakini kiangazi kile ng'ombe walikuwa wamehamishiwa upande wa Balangdalalu kufuata chumvi na malisho, na njia ilikuwa kimya.

Niliporudi kutoka Babati siku ya Jumamosi, nilikuta mvua za kwanza zimenyesha na maharage yameota kwenye njia ya ng'ombe.

Yalikuwa maharage mazuri, nisiseme uongo. Mama alikuwa amechimba matuta ya kukinga maji kukatiza njia yote, kutoka ukingo mpaka ukingo, yamenyooka kana kwamba ameyapiga rula. Alikuwa amebeba samadi kichwani kutoka kwenye zizi la zamani la majirani, zizi ambalo walilihama miaka mingi, na alikuwa amejaza kila tuta. Kwa mkono uliotoka kuvunjika juzi!

"Kwa nini hukumwambia?" nilimuuliza mke wangu jikoni, kwa sauti ya chini.

"Nimwambie nini mama mkwe? Asilime?" akasema. "Mwambie wewe. Ni mama yako."

Nikaenda kumwambia. Nilimkuta amesimama kwenye tuta la juu, ameegemea jembe, anayatazama yale maharage, na kwa mara ya kwanza tangu aje alikuwa na uso wake wa zamani. Nikamwambia yameota vizuri. Nikarudi ndani. Jumapili nikaenda tena, nikamsifu tena. Jumatatu nikasema kesho. Nilikuwa nahofia kwamba nikimwambia amelima kwenye njia ya watu, ataona haya, na akiona haya atafunga begi. Basi nikanyamaza, mimi ninayemrekebisha padri.

Jumanne ng'ombe wakarudi.

Nilisikia kelele nikiwa njiani kwenda shuleni, nikageuza. Ng'ombe kama arobaini walikuwa wamejaa kwenye ukanda ule, wenye kiu, na mbele yao mama yangu amepanua mikono kama mlinda goli. Alikuwa anawatukana kwa Kiiraqw na kuwatupia mabonge ya udongo. Nyuma ya ng'ombe alikuwa bibi wa boma la jirani, mwenye fimbo ndefu, naye anamtukana mama kwa Kibarabaig. Kila mmoja hakuelewa neno la mwenzake, na kila mmoja alielewa yote. Ng'ombe wenyewe walisikiliza kidogo, kisha wakala maharage. Kabla saa mbili haijafika palikuwa na matope tu.

Mama aliingia ndani, akafunga begi, akaliweka kwenye korido karibu na mlango.

"Kesho," alisema.

Kesho yake asubuhi, kabla sijapata pikipiki ya kumpeleka stendi wala sababu ya kutompeleka, wanawake tisa wa Kibarabaig waliingia uani kwetu. Waliketi chini kwa mstari kando ya ukuta, miguu wameinyoosha mbele, bibi jirani akiwa katikati. Nikajua kimetukuta. Kwao wanawake wana mkutano wao. Mwanamke akidhulumiwa, wenzake hukaa, husikiliza na kukata shauri, na hakuna mzee wa kiume wa kulipinga. Niliwaamkia wote shikamoo kwa zamu, nikapata marahaba tisa zisizo na tabasamu. Mke wangu alileta chai. Mama aliketi kwenye kigoda upande wa pili, amevaa nguo za safari.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtetea. Yalikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho. Sikupata nafasi ya hata utangulizi.

"Mwalimu," alisema bibi, na mkaza mwana wake aliyesoma akawa anatafsiri. "Ile njia wewe unaijua?"

"Naijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipojenga."

"Na huyu mama yako, nani alimwambia?"

Nikatazama chai yangu.

"Ulirudi lini kutoka Babati?"

"Jumamosi."

"Na ng'ombe?"

"Jumanne."

Wanawake tisa waliguna kwa pamoja. Sijawahi kusikia mguno mrefu kama ule. Waliongea wenyewe kwa wenyewe kidogo, kisha yule mkaza mwana akanigeukia, na niliona anajitahidi asicheke.

"Wanasema mama yako ni mgeni. Ameona ardhi, amefanya kazi, hana kosa. Ng'ombe nao ni ng'ombe. Lakini katikati kulikuwa na mtu mmoja anayejua, na amefunga mdomo siku tatu. Mwanamke mmoja amepoteza nguvu zake. Mwanamke wa pili ng'ombe wake wamepigwa. Wote wawili umewakosea wewe."

Ilibidi nimtafsirie mama kwa Kiiraqw. Hukumu ilikuwa yangu na ulimi ulikuwa wangu, basi nikajaribu kuipunguza makali. Nikamwambia wanasema ilikuwa bahati mbaya.

"Hapana," mama akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wote wasikie. "Wamesema ni wewe."

Uani kote kukawa na kicheko. Bibi jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Na mama yangu alicheka pia, mkono mdomoni, mabega yakitikisika, na mimi nikiwa mshtakiwa nilikaa pale nikafurahi kuliko wote.

Faini ya zamani ni dume la ng'ombe. Waliangalia ua wangu, wakaona kuku sita, wakanihurumia. Nilitakiwa kusawazisha yale matuta yote kwa jembe, mimi mwenyewe, na kuleta dumu la asali. Tena si asali ya mnadani iliyochanganywa na sukari. Bibi alisema ataionja, na ikiwa ya uongo tutaanza upya. Mama alisikia hayo yote, akaniambia kwa lugha yetu kwamba atasubiri aone asali ikiletwa, kwa sababu hataki kuondoka huku nyuma mwanawe ana deni la adabu. Begi likabaki koridoni.

Matuta nilisawazisha siku mbili, jioni baada ya shule. Wanafunzi wangu walikuwa wakipita, wananiamkia kwa heshima kubwa mno. Wanawake wawili waliwekwa kusimamia. Mama alikuja kuwa wa tatu, akinionyesha mahali nilipoacha mabonge.

Asali ya kweli niliijua iko wapi. Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa Yaeda Chini, huko bondeni Mbulu, na nilikuwa na mama mmoja wa Kihadzabe niliyekuwa nabadilishana naye unga kwa asali. Ijumaa mchana nikawasha pikipiki. Nilipofika Balangdalalu nikasimama kununua dumu jipya, maana la kwetu lilikuwa linanuka mafuta ya taa. Mwenye duka ni mzee Mwislamu, na alikuwa anasoma Kurani kaunta pale, kidole kwenye mstari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ngoja nimalize aya hii."

Nilingoja. Na kwa kuwa sijui kukaa kimya ila pale inapotakiwa niseme, nilimuuliza aya kwa Kiarabu maana yake nini hasa. Akafurahi, akafunga kitabu.

"Ishara," alisema. "Kitu kinachokuonyesha kitu kingine. Maandiko haya ni aya. Mvua ni aya. Hata punda akisimama hapo nje, ukimtazama vizuri, ni aya."

"Mimi nina pikipiki, mzee."

"Hiyo ni kelele," akasema, akanichagulia dumu.

Nilipanda nikaondoka nikijicheka. Miaka yote nimewaambia watoto kwamba aya ni fungu la maneno lenye wazo moja, ukimaliza ruka mstari. Hakuna siku niliyowaambia kwamba neno hilo lilisafiri na dini kutoka Arabuni likiwa na maana ya ishara, na lilipofika kwetu likawekwa kwenye madaftari.

Yaeda Chini njia yake bado ni ileile, mawe na mchanga. Nilifika vumbi limeniingia mpaka kwenye meno. Yule mama nilimkuta, amezeeka kidogo, bado anacheka kwa urahisi. Nilimpa unga na chumvi, naye akaanza kunimiminia asali yenye masega na nyuki wawili waliokufa ndani, ushahidi mzuri wa mahakamani. Mjukuu wake mmoja, wa kike, mdogo, alijikwaa kwenye jiwe akaanza kulia, akamkimbilia mama yake aliyekuwa ameketi pembeni. "Aya! Aya!" Ndivyo nilivyosikia mimi. Nilifundisha bondeni pale miaka minne na nilikuwa nalisikia neno hilo kila siku, watoto wakiwaita mama zao, na sikuwahi kuligeuzia sikio. Nilikuwa na kazi nyingi ya kuwarekebisha.

Najua maneno haya si ndugu. Moja lilivuka bahari, moja Wairaqw walikuja nalo kutoka huko walikotoka, na la Wahadzabe ni la kale kiasi kwamba hakuna anayeweza kusema lilianza lini. Yamefanana kama watu wasiojuana waliokutana mnadani wamevaa shati la rangi moja. Wataalamu watanicheka nikisema zaidi. Lakini kurudi Gendabi ni safari ndefu, na pikipiki haina mtu wa kuongea naye, na njia nzima nilikuwa na mambo mawili tu kichwani, dumu lisipasuke na mama asiondoke. Nilikubali moyoni kwamba miezi ile yote nilikuwa namshindania mama kwa maneno. Nilitaka kumthibitishia kwamba hapa ni aya, kama vile neno likikubaliwa na yeye atakuwa amekubali. Wale wanawake tisa hawakumthibitishia chochote. Walimpa haki yake tu, wakaniadhibu mimi.

Asali ilionjwa Jumapili baada ya misa. Bibi alichovya kidole, akafumba macho, akatutesa kwa muda. Kisha akampa mama dumu aonje na yeye. Mama akachovya, akatikisa kichwa kukubali. Hapo bibi akasimama, akamshika mama mkono, ule uliovunjika, akamwongoza kupita nyumba yetu mpaka kwenye lile zizi la zamani. Sisi tukafuata.

"Hapa," mkaza mwana akatafsiri. "Bibi anasema mavi haya kwetu ni taka tu, ndiyo maana tulihama. Anasema kama unayapenda hivyo usiyabebe kichwani. Lima humuhumu."

Mama aliinama akaingiza mkono kwenye udongo ule mweusi, ukazama wote mpaka juu ya kifundo. Akaunusa. Sijawahi kumwona mtu akinusa ua hivyo.

"Kuacha udongo huu ni dhambi," alisema.

Alirudi ndani, akafungua begi, akatoa nguo ya shamba. Ile moja tu. Akasema atapanda upya mle zizini, na atakaa mpaka maharage yaive.

Maharage yakaiva. Yalikuwa mengi hata tukawagawia watu wote wa boma la jirani, ambao hawakujua kuyapika na mama akaenda kuwafundisha kwa Kiswahili chake cha maneno hamsini. Bibi naye ana hamsini, lakini mengine. Wakikaa pamoja wanagombana tangu asubuhi, kuhusu ng'ombe, kuhusu wakwe, kuhusu nani mkubwa kwa umri, na ukitaka kuwasaidia kutafsiri wanakufukuza wote wawili. Mvua ilipochelewa mwaka jana niliwaona wamesimama pamoja wanaangalia mlima Hanang, kila mmoja anaongea na Mungu kwa lugha yake. Mama akasema atasubiri mahindi. Kisha akasema atasubiri mbaazi. Mimi sikuuliza. Niliogopa kwamba nikiuliza nitamkumbusha.

Mwezi uliopita nilikuwa nyuma ya nyumba napima banda la kuku. Nilikuwa na kamba na vijiti vinne, na cha mwisho nilikuwa nakipigilia. Mama akatokea na kikapu.

"Unafanya nini hapo?"

"Banda la kuku, ayo."

"Lipeleke upande ule."

"Upande ule kuna upepo."

"Kuku wana manyoya. Hapo usijenge. Hapo ni pangu."

Nikadhani anataka shamba lingine. Nikamwambia pale ni mwamba, hapatoi hata mchicha, atapanda nini.

"Sipandi kitu," alisema. "Hapo mtanizika."

Nilibaki nimechuchumaa.

"Na baba je, kule juu?"

Akaweka kikapu chini, akafikiri kidogo, akakipandisha tena kichwani.

"Baba yako nilimsubiri maisha yangu yote atoke kilabuni," alisema. "Na yeye anisubiri kidogo."

Akaenda zake kwa jirani, anaita kwa sauti kabla hajafika. Mimi nikang'oa vile vijiti kimoja kimoja, nacheka na machozi yananitoka, nikawahamishia kuku kwenye upepo.